Vidonge Vilivyogawanywa kwa Haki

Duara lilirudi begani kwa Lupesina jioni ileile mume wangu alipotangaza, baada ya sala, kwamba binti yetu ndiye atakayecheza taualuga, ngoma yetu ya heshima ya kufungia sherehe, siku ya kufungua ukumbi mpya wa kanisa. Lilikuwa dogo bado, ukubwa wa kifungo cha shati, ukingo wake mwekundu wenye magamba na katikati pamefifia, kana kwamba lilishakula hapo likasogea mbele. Alinionyesha nyuma ya jiko, akiishusha blauzi kwa kidole kimoja.

"Mama, limerudi."

"Labda ni mbu."

"Mbu hachori duara."

Lilikuwa la tatu mwaka huo. La kwanza, mama mkwe wangu Valasi alilitibu kwa majani ya ule mti ambao wazee wetu waliuita mti wa choa. Aliyaponda, akalisugua bega la mjukuu wake mpaka mtoto akalia, duara likafifia, tukamshukuru Mungu. La pili, mke wa mchungaji alituazima tyubu yake ya dawa. Tulipaka siku sita, duara likafifia, tukamshukuru Mungu tena, nami nikaharakisha kuirudisha tyubu ikiwa na nusu yake, maana kumrudishia mke wa mchungaji kitu kitupu ni aibu ambayo sikuwa tayari kuibeba.

Sasa zilikuwa zimebaki wiki tisa. Anayecheza taualuga hufungwa mkeka laini chini ya kwapa, na kutoka hapo kwenda juu hana kitu ila mafuta ya nazi. Mabega na mikono hupakwa hadi ing'ae, na vijiji vyote vya pwani yetu hukaa kimya kumtazama. Mafuta hayo hayafichi. Kilicho kizuri hung'aa, na kilicho kibaya hung'aa zaidi.

"Likiwepo, sichezi," alisema Lupesina. "Utamwambia Baba wewe."

Nilijua hatanii. Mwaka uliopita, Jumapili ya Watoto, alisimama kanisani kusema aya zake akiwa na duara shingoni, na binamu zake wakamwita Pweza kwa sababu ya zile alama za vinyonyeo. Jina hilo liliishi nyumbani kwetu mpaka Krismasi. Aliyelilea zaidi alikuwa wifi yangu Faapusa, dada wa mume wangu, ambaye ana moyo wa dhahabu na ulimi usio na mlango.

"Pweza wetu atacheza?" aliuliza usiku huo tukikunja mikeka. "Vizuri. Mikono anayo ya kutosha."

"Shangazi, nenda kalale," alisema Lupesina.

Kesho yake nilimpeleka zahanati. Nesi Siaotu alikwangua ngozi kidogo, akaitazama, akauliza maswali machache, kisha akanipa bahasha ya karatasi yenye vidonge ishirini na nane.

"Kimoja kila siku, baada ya chakula, mpaka viishe," alisema. "Ukiona duara limefifia usiache. Mpaka viishe."

Niliikubali kila herufi. Niliiweka bahasha kwenye kabati la chakula, kando ya sukari, ili kila anayepita akumbuke. Hapo ndipo nilipokosea, ingawa mtu wa kwetu angeniambia nimeweka mahali pake kabisa.

Siku ya tano bahasha ilikuwa tupu. Mama mkwe alikuwa amekaa karibu na nguzo, anasuka mkeka.

"Mama, vidonge vya Lupe viko wapi?"

"Vimekwisha."

"Vimekwishaje? Vilikuwa ishirini na nane."

"Tuko saba." Hakuinua macho. "Alianza mwanangu, kwa kuwa ndiye chifu. Kisha mimi, kisha Faapusa, kisha wewe, ila wewe kila mara ulikuwa jikoni, kwa hiyo chako nilikumezea. Wale wavulana wawili wa Faapusa niliwapa nusu nusu, mimi si mjinga. Na vinne vya kwanza nilimpelekea mchungaji."

"Mchungaji ana choa?"

"Nitajuaje? Cha kwanza ni cha mchungaji. Ulitaka tuanze kula sisi?"

"Na Lupe alipata vingapi?"

"Sawa na wengine," alisema, na sasa alinitazama, maana nilikuwa nimemgusa penyewe. "Hakupunjwa hata kidogo. Dawa nzuri namna ile, ya serikali, mtoto aile peke yake gizani kama panya? Tumemlea hivyo?"

Katika nyumba yetu samaki mmoja ana mafungu saba, na kila fungu lina mwenyewe tangu samaki hajavuliwa. Mtoto akila biskuti nyuma ya nyumba, huulizwa kama ni mgonjwa. Lupesina aliona vidonge vyake vikizunguka pamoja na magimbi akakaa kimya, kwa kuwa bibi ndiye aliyekuwa akigawa. Hata mimi ningekaa kimya.

Usiku niliomba. Nilisema, Bwana, wewe uligawa mikate mitano ikawatosha watu elfu tano na makapu yakabaki. Mbona vidonge ishirini na nane havikutosha watu saba na mchungaji? Nikalala, na asubuhi nikashika njia ya zahanati.

Njiani nilikutana na mke wa mchungaji.

"Mchungaji anashukuru kwa vile vidonge," alisema. "Alitaka kuuliza ni vya kichwa au vya tumbo. Lakini kwa vile vimetoka kwa Mama Valasi, akameza."

Nesi Siaotu alinisikiliza mpaka mwisho. Alicheka, akavua miwani, akafuta macho, akaivaa tena, na hapo hakuwa akicheka.

"Msirudie. Vidonge hivi hutolewa kwa mtu aliyepimwa na kuulizwa maswali. Na kidonge kimoja kimoja hakimtibu mtu. Kinamwudhi fangasi tu." Akavuta kiti. "Niambie, nani mwingine pale nyumbani anajikuna?"

"Hakuna."

"Watu saba, nyumba ya nguzo na paa isiyo na kuta, mtoto kapata choa mara tatu, na hakuna anayejikuna?"

"Kwetu hatujikuni, dada."

Aliutazama mkono wangu. Nami nikautazama. Ulikuwa kiunoni, chini ya fundo la lavalava, shuka letu la kujifunga kiunoni, ukikuna kwa bidii kama mtu anayelipwa kwa siku.

Alikuja Jumanne. Alitundika shuka katikati ya nguzo mbili akasema kila mmoja apite nyuma yake. Mume wangu Peniamina alisema chifu hakaguliwi. Nesi alisema sawa, ataandika kwamba chifu alikataa, na watakaosoma watajaza wenyewe sababu. Peniamina akapita wa kwanza.

Ilikuwa ajabu kuwatazama. Kila mtu aliingia nyuma ya shuka kama anayekwenda kumsaidia nesi kumtafuta mwingine, akatoka akitazama chini. Peniamina alikuwa na maduara mawili kiunoni. Nilikuwa na moja pale mlipokwishasikia. Wavulana walikuwa nayo mapajani. Mama mkwe alikuwa nayo chini ya matiti, na alipoulizwa ni tangu lini, alisema si choa, ni joto, na joto hilo lilianza mwaka wa kimbunga kikubwa. Faapusa alikaa nyuma ya shuka muda mrefu kuliko wote.

"Hii imetoka nyongani imefika katikati ya mgongo," tulisikia nesi akisema. "Hukuiona?"

"Nitaonaje mgongo wangu?"

"Haikukuwasha?"

Ikaja sauti ndogo ya Faapusa, ambayo sikuwahi kuisikia kwa miaka kumi na minane ya kuwa wifi yake: "Niliisugua kwenye nguzo."

Lupesina alikuwa amekaa pembeni, mikono magotini. "Shangazi," alisema kwa adabu yote, "kumbe pweza tulikuwa na mama yake humu ndani."

"Nyamaza wewe, natibiwa."

Tulicheka, na bibi akacheka akiwa ameshika mdomo. Lakini nilimwona mwanangu akiwahesabu kwa macho, mmoja baada ya mwingine, wote waliomcheka. Nyumba isiyo na kuta, na kila mmoja wetu alikuwa amejenga chumba kidogo chini ya nguo yake akajifungia humo.

Kisha nesi aliona rundo la lavalava kwenye kikapu. Kwetu nguo zikikauka hutiwa kikapuni, na anayeamka kwanza hujifunga iliyo nzuri. Aliinua moja.

"Hii ya nani?"

Tulitazamana. Hatukuelewa swali.

"Yetu," alisema Peniamina.

"Nauliza nani huivaa."

"Atakayeichukua," alisema mama mkwe, polepole, kama anayemfundisha mgeni.

Nesi aliitazama kamba ya nguo, yenye taulo moja la watu saba. Aliitazama mikeka. Akakaa chini, akajipiga mapaja kwa viganja. "Basi. Nilidhani mnapona halafu mnaugua tena. Ninyi hamjapona hata siku moja. Fangasi anatoka kiuno hiki anakwenda kiuno kile, anazunguka nyumba nzima, na akimfikia Lupe mnasema amerudi. Hakwenda popote. Alikuwa kwa shangazi."

Amri zake zilikuwa nyepesi kusikia. Lupesina aanze vidonge vyake upya, na bahasha ikae kwenye kapu la Lupesina mwenyewe. Sisi wengine tupake dawa asubuhi na jioni, sote pamoja, na tuendelee wiki mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Nguo na taulo zichemshwe, zianikwe kwenye jua kali. Na kila mtu awe na lavalava zake, taulo lake, mkeka wake. Asiguse cha mwenzake.

"Kwa hiyo tuishi kama watu waliogombana," alisema mama mkwe.

"Kwa muda tu, Mama."

"Nimezaliwa na dada watano. Tulikuwa na nguo nne. Hakuna aliyewahi kusema hii yangu." Alirudi kwenye mkeka wake, na siku mbili hakusema nami.

Peniamina aliifanya kuwa sheria, kama zinavyofanywa katika baraza la kijiji. Alitangaza baada ya sala: atakayevaa lavalava ya mwingine atatozwa kopo moja la nyama, litakaloliwa na wote isipokuwa yeye. Nilishona uzi wa rangi kwenye pindo la kila nguo, na wa Lupesina ulikuwa wa buluu. Mtu wa kwanza kutozwa alikuwa mtunga sheria mwenyewe, asubuhi ya pili, akiwa na yangu ya uzi mwekundu kiunoni. Alikula magimbi makavu huku akitutazama tukikomba kopo, akasema baraza linaweza kuipitia upya sheria hiyo. Hakuna aliyemjibu, midomo ilikuwa imejaa.

Jioni tulikaa duara. Sala, wimbo, amina, kisha tyubu. Aliyeshindwa kuufikia mgongo wake alipakwa na aliye nyuma yake. Faapusa alipakwa na Lupesina kila siku, na maneno waliyoambiana hapo siwezi kuyaandika yote.

"Punguza nguvu, unafua?"

"Shangazi, eneo ni kubwa. Inabidi nipumzike katikati."

Wiki zilikwenda. Sikuwa nikiomba tena Mungu aliondoe duara. Niliomba atujalie tusichoke, kwa kuwa ngozi ilipoanza kusafika kila mmoja alianza kusahau, na hakuna dawa inayosahauliwa haraka kama ya kupaka ukiwa huwashwi. Wiki ya tano bega la Lupesina lilikuwa limetulia. Alikwenda mazoezini na blauzi ya mikono mifupi.

Siku tisa kabla ya sherehe alifika Iopu, kaka mkubwa wa mume wangu, yule aliyemwachia mdogo wake uchifu akaenda kuishi Apia. Alikuja na keki, na redio, na ule mwendo wa mtu anayejua kwamba atapewa mahali pazuri pa kukaa. Alikwenda kuoga. Nilikuwa nimemwekea taulo jipya na lavalava mpya juu ya jiwe. Lakini Iopu alikulia nyumba hii. Alipita jiwe, akafika kwenye kamba, akajifutia taulo la Lupesina, akarudi kati yetu amejifunga lavalava ya maua ya Lupesina, yenye uzi wa buluu. Na alipokaa alikuwa akijikuna kati ya vidole vya miguu kwa pindo lake.

Mimi ni mke wa mdogo wake, sina kinywa mbele yake. Peniamina alikuwa chifu wa kila mtu isipokuwa wa kaka yake. Mgeni hukaribishwa kwa kilicho bora, na alichokishika ni chake. Huwezi kumwambia vua. Lupesina alinitazama mimi, sio nguo. Alikuwa anangoja kuona mama yake ni mtu wa namna gani. Nilifungua mdomo, nikasema, "Chai, kaka?"

Lupesina aliinuka akaenda kukaa nyuma ya jiko. Nilijua analia, na nilijua ameamua huko kwamba hatacheza.

"Iopu," alisema mama mkwe. "Vua hiyo."

"Mama?"

"Hiyo nguo ni ya Lupe. Vua."

Iopu alicheka, akatutazama ili tucheke naye. "Tangu lini humu ndani kuna nguo ya mtu?"

"Tangu nilipolala usiku kucha bila kujikuna. Miaka kumi na mbili, Iopu. Nilidhani ni uzee. Nilijiambia, hivi ndivyo Mungu anavyowaandaa wazee waichoke dunia." Aliweka mkeka wake kando. "Sasa nalala kama mtoto, na nataka kuendelea kulala. Vua, kisha niletee mguu wako."

"Mama, watu wanatazama."

"Nilikuosha makalio ukiwa huna jino. Lete mguu."

Alijikokota hadi kwenye kapu lake. Alitoa lavalava ya hariri nyeusi iliyofungwa kwa karatasi, ile ambayo sote tulijua ameitunza ili azikwe nayo, na hakuna aliyewahi kuitaja. Alimrushia mwanawe.

"Hii ndiyo bora kuliko zote humu. Ni yako. Ukiondoka, ondoka nayo, usinirudishie. Siwezi kusema kwamba mwanangu alikuja nyumbani akanyimwa nguo."

Iopu aliivaa. Mama mkwe aliuchukua mguu wake, akautanua vidole kimoja kimoja, akasonya. "Angalia. Shamba zima." Akachukua tyubu. Mwanamume wa miaka hamsini na sita, karani mkuu wa bandari, alikaa na mguu mapajani mwa mama yake, akapakwa dawa mbele ya wadogo zake na wapwa.

"Huko Apia nani anakupaka?" aliuliza Faapusa.

"Mimi sina ugonjwa wowote."

"Sisi sote tulikuwa hatuna," alisema Faapusa.

Nilikwenda nyuma ya jiko. Lupesina alikuwa amesikia. Tuliitia nguo yake kwenye sufuria na taulo lake, tukawasha moto, tukakaa kuvitazama vikichemka. Nilimwambia anisamehe kwa ile chai. Alisema bibi naye alichelewa, basi hatudaiani.

Asubuhi ya sherehe nilimpaka mafuta mimi mwenyewe, katika nyumba ya mchungaji walikokuwa wakimvika. Nilianza mikononi nikapanda. Pale begani ngozi ilikuwa laini, bila ukingo, bila gamba. Ila palikuwa pamepauka kidogo, duara hafifu, kama mahali palipowekwa kikombe.

"Lipo?" aliuliza. Hakugeuka.

Ningeweza kusema hapana. Lakini tulikuwa tumejifunza kitu kuhusu kuficha katika nyumba yetu. "Limekwisha. Kimebaki kivuli."

"Kinaonekana?"

"Mtu akisimama hapa niliposimama."

Nje walikuwa wanaanza kupiga makofi. "Kivuli hakimwambukizi mtu," alisema, akainua kidevu ili wamfunge taji, akatoka.

Sasa nikiri. Watu walisimulia ile taualuga mwezi mzima. Walisema alivyoshuka na kuinuka kama ameshikwa na uzi. Mchungaji alisema aliuona mkono wake ukisali. Mimi nilikaa mstari wa mbele, na kutoka mwanzo hadi mwisho sikutazama mkono wala mguu. Nilitazama bega la kushoto, mahali pa ukubwa wa kikombe. Kila alipogeuka nilihamisha kichwa. Niliona kwamba ngozi ya mwanangu iling'aa yote sawasawa. Zaidi ya hapo sikuona ngoma.

Tulipokuwa tunarudi nilimwambia Faapusa. Nilidhani atanicheka mpaka kijijini, nami nilistahili. Alisimama akanigeukia.

"Hukuona hata ile ya mwisho? Alipofungua viganja?"

"Sikuona."

"Nishikie."

Alinipa kapu lake la magimbi, kisha akaona halitaniacha nitazame vizuri, akalichukua tena akalitundika begani. Akaweka magoti pamoja. Hivyo ndivyo nilivyoiona taualuga ya binti yangu: barabarani, saa kumi alasiri, ikichezwa tangu mwanzo na mwanamke wa miaka hamsini na mbili mwenye kapu la magimbi, na wakati huu nilitazama mikono.